Tairi Lenye Homa

Wadogo zangu wananiita Jaji, na msidhani ni kwa heshima. Tangu utotoni mimi ndiye niliyekuwa nakata mkate wa chai, na niliukata katikati kabisa, hata chembe zilizoanguka mezani nilizigawa. Yule mkubwa wao alikuwa anapiga magoti, anafumba jicho moja na kulinganisha vipande, na akikosa la kusema anakula amenuna. Nikakua nikiamini kwamba ukigawa sawasawa, ugomvi umekwisha. Imani hiyo nimekaa nayo miaka arobaini, na mwaka huu ilibaki kidogo tu iniulie mama yangu na mdogo wangu kwa siku moja.

Baba alituachia lori la kubebea mbao. Lina matairi sita, mawili mbele na manne nyuma, na hayo ya nyuma yamekaa mawili mawili kila upande, la ndani na la nje. Kadi ya lori ninayo mimi, kwa sababu Baba alisema wale wengine wangeiandikia namba za simu. Kiwanda cha kupasua mbao kiko huku kwetu mlimani. Kutoka hapa hadi njia panda ni kilometa arobaini za mawe, mifereji na tope. Kutoka njia panda hadi mjini ni kilometa mia na ishirini za lami. Mdogo wangu wa kwanza hulishusha lori hadi njia panda, na watu wote wanamwita Tope. Wa mwisho anakaa hapo njia panda, hulipokea na kulipeleka mjini, naye wanamwita Lami. Aliyewagawia barabara ni mimi. Na sheria ya simu ni yangu pia: ukishika usukani, simu unaizima. Huiachi mfukoni ikitetemeka, unaizima.

Basi matairi ya nyuma yakaisha, na vita vikaanza. Walikuja kibarazani kwangu siku ya mapumziko, kila mmoja na kiti chake na hoja yake.

"Dada, mimi nataka matairi ya meno," Tope alisema. "Yale ya mistari hayashiki kitu. Mvua ikinyesha, pale kwenye kona ya daraja bovu lori linarudi kinyumenyume na mbao zake. Siku moja utaniokota mtoni."

"Na hayo meno yako nikifika nayo kwenye lami yananguruma mpaka kichwa kinauma," Lami alijibu. "Yanaisha haraka kama kifutio cha shule. Na lami ikilowa, ukikanyaga breki, unamwachia Mungu. Mimi nataka ya mistari."

"Wewe unaendesha kitandani. Barabara imenyooka, unapigwa upepo."

"Na wewe unaendesha mwendo wa kobe. Ukianguka, unaanguka polepole."

Tatizo ni kwamba wote wawili walikuwa wanasema kweli. Jaji akikuta mmoja mwongo, kazi yake ni nyepesi. Nilivaa miwani, nikafikiri muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, kisha nikatoa hukumu. Kila mtu anunue matairi mawili anayoyataka yeye. Kila upande wa nyuma tutafunga moja la meno nje na moja la mistari ndani. Kwenye tope, la Tope litashika. Kwenye lami, la Lami litatuliza. Na ili asije mtu akaniambia sikupima, niliamuru namba ya ukubwa iliyoandikwa ubavuni iwe ile ile kwa yote manne.

Walipeana mikono. Niliona raha, sitaficha.

Mama alikuwa ameketi pembeni na fimbo yake. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alikuwa anaona mwanga na vivuli tu, na watu alitujua kwa hatua zetu.

"Mmegawana matairi?" aliuliza.

"Sawasawa, Mama. Hakuna aliyepunjwa."

"Na lori mmeliuliza?"

Tukacheka wote watatu.

Fundi wetu wa matairi alikuwa amesafiri kwenda ukweni, kwa hiyo Tope na wapakiaji wa kiwandani waliyafunga wenyewe. Nilizunguka lori nikikagua. Nje meno, ndani mistari, kulia na kushoto, kama nilivyosema. Nilijisikia kama mtu aliyepatanisha nchi mbili.

Safari ya kwanza ya matairi hayo ndiyo iliyombeba Mama. Alikuwa ameisubiri hospitali ya mjini miaka miwili, na hatimaye walimpa tarehe ya kutolewa huo mtoto wa jicho: Jumatano asubuhi. Angeshuka na lori Jumanne, mke wa Lami alikuwa ametangulia mjini kumpokea, na mimi ningemfuata kesho yake. Saa mbili asubuhi nilimfunga vifungo vya sweta, nikamsaidia kupanda kwa Tope. Mbao zilikuwa zimejaa hadi juu. Aliniinamia kutoka dirishani akanigusa uso, akasema nikionana naye tena atanihesabia mvi.

Saa tano nilikuwa kwa fundi, karudi kutoka ukweni na shati jipya. Nilimpelekea tairi moja kuukuu nililotaka alizibe liwe la akiba. Jirani yake anauza chai. Nikaagiza kikombe, nikaketi juu ya tairi, na kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kusifiwa nikamweleza hukumu yangu yote, mwanzo hadi mwisho. Fundi alikuwa amechuchumaa akipiga msasa. Nilipofika kwenye "la meno nje, la mistari ndani," mkono wake ukasimama.

"Umesema upande mmoja?"

"Upande mmoja, yamekaa bega kwa bega. Kila mtu na lake."

Aliweka msasa chini. Alikwenda ukutani, akabiringisha tairi jipya la meno, akalisimamisha. Akaleta la mistari, namba ile ile, nikaisoma mwenyewe. Akayaegemeza pamoja, akachukua kipande cha ubao ulionyooka na kuulaza juu ya yote mawili. Ubao uliinama. La meno lilikuwa limezidi kwa kama vidole viwili.

"Namba inakwambia linaingia rimu gani," alisema. "Haikwambii lina kimo gani baada ya kuota meno. Hili la nyuzi, lile la waya, kila kiwanda na vipimo vyake. Sasa wewe chukua mtu mrefu na mtu mfupi, wapange bega kwa bega, uwabebeshe gogo. Nani anabeba?"

"Mrefu."

"Na mfupi?"

"Anatembea tu."

"Basi. Mrefu anabeba mzigo wa wawili. Kwenye mawe, lori likitambaa, atavumilia. Kwenye lami, mwendo wa themanini, jua hili na mbao zile, anachemka. Akipasuka, yule mfupi anaangukiwa na mzigo wote kwa mpigo mmoja, naye anapasuka. Hapo lori linakwenda linakotaka." Aliutazama ubao, kisha akanitazama mimi. "Liko wapi saa hizi?"

Nilipiga simu ya Lami. Ilikuwa imezimwa. Nikapiga tena, nikitumaini nimekosea kidole. Imezimwa. Wengine simu ikizimwa wanafikiri chaji imekwisha. Mimi nilijua maana yake, kwa sababu sheria niliitunga mwenyewe. Lami ameshika usukani. Nikapiga ya Tope, ikapokewa na mke wake, akasema ameisahau nyumbani kwenye chaji. Namba ya mtu mwingine wa njia panda sikuwa nayo. Kikombe cha chai nilikiacha juu ya tairi, kimejaa.

Fundi aliwasha pikipiki bila kuulizwa. Kilometa zile arobaini sizikumbuki vizuri. Nakumbuka kila tulipopita kwenye tope niliona alama za meno zimechimba ardhi kwa kina, na pembeni yake, pale ambapo mistari ingepaswa kuacha alama, pamekwaruzwa kidogo tu kama na ufagio. Ushahidi wote ulikuwa chini pale, umeandikwa kwa maandishi makubwa. Nilimwona Mama na sweta lake. Nilimwona Lami alivyokuwa mdogo, kipande chake cha mkate mkononi. Nilijiambia kwamba nikiwakuta wazima, ubao wa kukatia mkate nitautumia kama kuni.

Lori lilikuwa njia panda.

Lilikuwa limesimama mbele ya duka la matairi, mbao zake zote mgongoni, limezimwa. Nilishuka kwenye pikipiki. Nikaketi chini palepale kwenye changarawe, sketi na vumbi, nikalia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua, na sikuona aibu hata kidogo.

Mama alikuwa kwenye benchi kivulini, mkoba mapajani, fimbo katikati ya magoti, amekaa kama mtu aliyegoma. Tope na Lami walikuwa wamesimama kila mmoja upande wake, wamenuniana.

"Huyo anayelia ni Jaji?" Mama aliuliza. "Mwambieni aje, nipo."

Nikaenda nikaweka kichwa changu juu ya mkoba wake. Habari niliipata kwa vipande, kwa sababu kila mmoja alitaka kuisimulia yeye. Walifika saa tano kasoro. Tope alishuka, Lami akapanda, akakaa kwenye usukani, akazima simu kama nilivyomfundisha. Mama akasema kwanza ashuke anyooshe miguu. Alishuka, akawa anatembea akipapasa ubavu wa lori ili asipotee, kama anavyopapasa ukuta wa nyumbani. Mkono wake ukafika kwenye tairi la nyuma la nje, na akautoa haraka. Akaligusa tena kwa mgongo wa kiganja, vile alivyokuwa anatugusa kwenye paji la uso tukiwa wagonjwa. Kisha akarudi mbele akagusa tairi la mbele. Akazunguka upande wa pili, akagusa huko nako.

"Nikawaambia, hili lina homa," Mama alisema. "Na la upande ule lina homa. Ya mbele ni mazima. Huyu mdogo wako akanijibu kwamba tairi likitembea linapata joto."

"Lakini si kweli linapata, Mama?" Lami alisema.

"Joto ni joto, na homa ni homa. Nimelea watoto watatu, naijua tofauti. Nikamwambia Tope aingize mkono aguse la ndani."

Tope alitazama viatu vyake. "La ndani lilikuwa vuguvugu tu, Dada. Kama maji ya kunawa."

"Moja linachemka, mwenzake hana habari," Mama alisema. "Gari la namna hiyo mimi sipandi, hata macho yangebaki hivi hivi. Nikakaa hapa. Na tangu nikae wanabishana tairi la nani ndilo bovu."

"La kwake ndilo linalochemka," Lami alisema.

"Kwa sababu la kwake ni vivu," Tope akajibu.

Nilisimama, nikajikung'uta vumbi. Nilikuwa sijawahi kusema maneno haya tangu nizaliwe, na yalitoka kwa taabu. "Hakuna tairi bovu. Ni mimi. Niliyagawa vibaya."

Tope akaleta sikio karibu. "Rudia, Dada. Upande huu sisikii vizuri."

"Nimekosea."

"Lami, umesikia? Andika tarehe."

Nilimpiga kofi la begani, na kucheka kukatutoka wote, kucheka kwa watu waliokuwa wameshikilia pumzi bila kujua. Lami aliketi kwenye ngazi ya lori akafunika uso kwa mikono. Nadhani ndipo alipoelewa kwamba alikuwa amebakiza kugeuza ufunguo.

Fundi aliingia dukani, nasi tukamfuata, Mama kamshika Lami mkono. Mwenye duka aliuliza tunataka ya meno au ya mistari, na wadogo zangu wote wawili wakafungua midomo. Fundi akainua kidole.

"Nyie nimeshawasikia. Sasa zamu ya lori." Alinigeukia. "Linatembea kilometa ngapi kwenye mawe?"

"Arobaini."

"Na kwenye lami?"

"Mia na ishirini."

"Limebeba nini?"

"Kushuka limejaa. Kupanda linarudi tupu."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi sehemu tatu kati ya nne za maisha yake liko kwenye lami, tena na mzigo. Ukilivisha meno matupu, unalichosha na kulichemsha kwa ajili ya robo. Lakini hiyo robo ndiyo inayoweza kulilaza mtoni. Kwa hiyo ya nyuma tunatafuta yenye mistari katikati na meno mabegani. Kwenye lami linatembelea katikati. Likizama kwenye tope, mabega yanashika. Yote manne ndugu wa tumbo moja. Ya mbele muache ya mistari, hayo yanaongoza."

Nilimtazama mwenye duka akiyatoa manne ya aina hiyo. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na ndiyo kwanza nasikia kwamba lipo tairi la kuwatosheleza wote wawili. Fundi hakuishia hapo. Alisoma tarakimu nne zilizo ubavuni, zinazosema wiki na mwaka lilipotengenezwa, akalirudisha moja kwa kuwa lilikuwa limekaa nje juani miaka minne likivutia wateja. Akaletewa jingine. Kisha akatoa uzi mfukoni, akauzungusha kwenye kila tairi, akafunga fundo, akalinganisha mafundo. Mara nne fundo lilikuja palepale. Sikuwahi kuona usawa ukipimwa vizuri namna ile, na haukunihusu mimi hata kidogo.

Mama aliomba apitishe mkono. Aliupitisha pembeni penye meno, akaupeleka katikati penye mistari, akarudia.

"Hapa patauma, hapa patanyamaza," alisema. "Haya ningeyachagua mimi, na sioni."

Yale yetu manne mwenye duka aliyachukua kwa bei iliyonifanya nimtazame mara mbili, lakini siku ile sikuwa na hamu ya kugombana na mtu. Fundi aliyafunga mapya, akajaza upepo sawa kwa yote, akawaonya wasije wakapunguza upepo kwa ajili ya mawe halafu wakasahau kuurudisha wakifika kwenye lami. Tope alikohoa, nadhani kusahau huko kulikuwa tabia yake.

Kabla ya kupanda, Mama alinivuta pembeni.

"Unakumbuka ulivyokuwa unakata ule mkate?"

"Katikati kabisa, Mama."

"Ulipomaliza, mimi nilikuwa namwita jikoni aliyeshinda na njaa zaidi, namwongezea. Mara nyingine Tope, mara nyingine mdogo wake. Siku nyingi ilikuwa wewe."

Nilikumbuka. Nilikumbuka kuitwa jikoni, na kipande cha ziada, na kuambiwa nisiseme. Miaka yote nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa napewa, na nilikuwa nimeificha kama dhambi. Nilimkumbatia mpaka akalalamika kuhusu mbavu zake.

Waliondoka saa tisa alasiri. Lami aliwasha, akazima simu mbele yangu akinionyesha kioo chake, akalipandisha lori kwenye lami. Lori lilinyamaza kweli. Tulisikia injini tu na mbao zikilia kidogo. Jua lilikuwa bado halijazama simu yangu ilipoita. Lami alisema wamefika, Mama amemlazimisha asimame mara mbili njiani aguse matairi, na yote manne ni vuguvugu, hata ya ndani.

Jumatano wakamtoa mtoto wa jicho la kulia, nami nilirudi nyumbani likiwa bado limefungwa bandeji; baada ya majuma matatu wakatoa na la kushoto. Alirudi nyumbani na lori, mchana, ameketi mbele na miwani myeusi. Aliposhuka alinitazama kwanza mimi, muda mrefu, akaanza kuhesabu mvi kwa sauti hadi nikamwomba aache. Kisha akalizunguka lori kwa macho yake mwenyewe.

"Haya, nionyesheni," alisema. "Ya Tope ni yapi, na ya Lami ni yapi?"

Wadogo zangu wakatazamana, kisha wakanitazama mimi. Sikutoa hukumu yoyote.

"Ni ya lori, Mama," Lami alisema.

Aliitikia kwa kichwa, akainama, na pamoja na kwamba sasa alikuwa anaona, akaweka mgongo wa kiganja chake juu ya tairi. Nikamuuliza kwa nini anapapasa na macho anayo.

"Homa haionekani," alisema, akaenda la pili.

Siku hizi wakikabidhiana usukani pale njia panda, wote wawili hulizunguka lori kwanza, kila mmoja na mkono wake, wakigusa la nje na la ndani. Kazi hiyo hawajagawana, wanafanya wote. Wakimaliza Lami ananitumia neno moja, "Zima," yaani lori ni zima, kisha anazima simu. Mimi niko kwa fundi, nimeketi juu ya tairi na kikombe changu. Nampigia, naambiwa simu imezimwa, na chai yangu nainywa yote.